Kadi Zilizokaushwa Kama Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja kasorobo asubuhi, ingawa barua ilisema saa mbili. Barua yenyewe nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kupasuka, nikitafuta sentensi ambayo ingewawezesha kubadili nia. Ilikuwa miaka ya sabini, nimetoka tu kumaliza shahada ya hesabu, na muungano wa wakulima wa kahawa mjini Meru ulikuwa umeniandika kazi kama "msaidizi wa mashine". Mashine gani, barua haikusema. Kwa wiki mbili nyumbani kwetu Kangeta nilikosa usingizi nikijiuliza kama nimesomea hesabu ili nikakoboe kahawa.

Haikuwa ya kukoboa. Askari wa lango alinipeleka nyuma ya ghala hadi kwenye chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa na matofali mapya kuliko mengine. Baadaye nilielezwa sababu. Jengo lilijengwa kwanza, mlango ukatiwa, ndipo mashine ikaletwa kwa lori kutoka Nairobi, na ndipo ikajulikana kwamba walioitengeneza hawakuwahi kufikiria kuwa siku moja italazimika kupita mlangoni. Ukuta ukabomolewa, mashine ikaingia, ukuta ukajengwa tena. Nilipoyaona matofali yale niliingiwa na shaka. Kitu kinachoingia nyumbani kwa kubomoa ukuta, nilijiambia, hakijaja kwa wema.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaobeba kompyuta mfukoni pamoja na funguo na njugu. Yetu ilijaza chumba kizima. Yalikuwa makabati saba ya chuma, kila moja refu kuliko mtu, yamesimama juu ya sakafu ya uongo. Naiita ya uongo kwa sababu chini yake kulikuwa na sakafu nyingine, ya kweli, na katikati ya hizo mbili nyaya zilipita kama mizizi. Sikuipenda. Ninapotembea napenda kujua ninachokanyaga.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa na cheo cha Mkuu wa Mashine. Alivaa koti jeupe kama daktari wa meno na kila asubuhi aliyafuta makabati kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Wewe ndiye msichana wa hesabu?" aliniuliza.

"Ndiyo, Bwana Mkuu."

"Usiguse kitu."

"Sasa nitafanya kazi gani?"

"Hiyo ndiyo kazi. Wiki ya kwanza, usiguse kitu."

Nilitii, nikawa natazama. Kabati la mbele lilikuwa na safu za taa ndogo zilizowaka na kuzimika bila mpango niliouona. Fundi wa kampuni iliyotuuzia mashine alipokuja kuikagua, nilimuuliza taa zile zinasema nini.

"Zinasema mashine inafanya kazi," alijibu.

"Na zikizimika zote?"

"Basi haifanyi."

"Na zikiwaka zote pamoja?"

Alinitazama kidogo, akafunga sanduku lake la vifaa. "Dada, wewe utazeeka mapema."

Nilipata kujua kwamba uwezo wote wa mashine wa kukumbuka ulikuwa herufi elfu kumi na sita. Picha ya mbuzi mnayotumiana kwenye simu isingeingia humo hata sikio. Kumbukumbu zenyewe zilikuwa vipete vidogo vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko punje ya wimbi, vimefumwa kwa waya kama shanga. Fundi alituambia kwamba huko viwandani waliovifuma ni wanawake, kwa sababu wanaume hawakuwa na subira. Hilo ndilo jambo pekee kuhusu mashine ile nililoliamini mara moja.

Halafu kulikuwa na ile swichi nyekundu. Ilikuwa ya dharura. Ukiivuta, mashine yote inakufa papo hapo, na kuifufua kulichukua nusu siku. Waliopanga chumba waliiweka kando ya mlango, shibiri moja chini ya swichi ya taa ya darini. Kila mgeni aliyeingia akipapasa ukutani aliizima kompyuta. Mwenyekiti wa muungano aliizima mara mbili, na mara zote mbili alisema, "Mbona bado ni giza?"

Mtu aliyenifundisha kazi hasa hakuwa Mkuu. Alikuwa mwanamke wa Kianjai tuliyemwita Mama Kendi, mtoboaji wa kadi. Kutoboa kadi ni hivi: kompyuta haikuwa na kioo wala vitufe vya kuandikia. Ililishwa kadi ngumu za karatasi zenye matundu, na kila herufi ilikuwa na matundu yake. Mama Kendi aliketi kwenye mashine iliyofanana na taipureta, akisoma daftari kwa jicho moja, na kadi zikitoka upande wa pili zimetobolewa. Vidole vyake vilikwenda mbio hata ukisikia kwa mbali ungedhani mvua imeanza juu ya mabati.

Yeye hakuiogopa kompyuta hata kidogo. Makabati yalipuliza hewa moto kwa nyuma, na hapo ndipo alipoweka ndizi zake mbichi. Ndizi ya Jumatatu ililiwa Alhamisi.

"Hii ndiyo kazi inayoifanya bila kuniuliza maswali," aliniambia, akinimenyea moja. "Kula, Kagendo. Wewe unaiangalia kana kwamba ilimwibia baba yako ng'ombe."

Sasa niwaeleze kadi zenyewe, maana humo ndimo nilimoharibu. Kila mkulima alikuwa na kadi moja yenye jina na nambari yake, iliyopakwa mstari wa waridi ukingoni. Tuliiita kadi mama. Nyuma yake zilifuata kadi watoto, moja kwa kila siku aliyopeleka kahawa kiwandani, ikiwa na tarehe na kilo tu. Nambari ya mkulima haikuwemo. Nilimuuliza Mkuu kwa nini.

"Kuokoa nafasi," alisema. "Na kuokoa vidole vya Mama Kendi."

"Mashine itajuaje mtoto ni wa nani?"

"Ni wa mama aliyepita mbele yake."

"Na akipita mama asiye wake?"

"Atapitaje? Kadi zimo ndani ya sanduku. Zitatoka ziende wapi?"

Nilikuwa mgeni, tena kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini nilinunua kijitabu, nikaanza kuandika mambo yaliyonitia shaka. Nilidhani yakitokea mabaya kijitabu kitanikinga. Niliandika kwamba mfagiaji hubaki chumbani Mkuu akitoka. Niliandika kwamba kufuli la kabati la kadi ni jepesi. Niliandika pia kwamba Mama Kendi huzungumza na watu wa Kianjai dirishani, na huacha kuzungumza nikikaribia.

Ukaja mwezi wa saba. Mnaoishi miteremko ile mnaujua. Ukungu unashuka mlimani asubuhi na hauondoki hadi mchana, na wiki nyingine hauondoki kabisa. Waliobuni mashine waliweka masharti kwamba chumba kiwe na kiyoyozi saa zote, hewa iwe kavu. Kiyoyozi kikafa. Kipuri kilisemekana kiko njiani kutoka ng'ambo, nami niliishuku hiyo njia. Sanduku moja la kadi, la kiwanda kimoja cha upande wa Kianjai, lilikuwa karibu na dirisha. Kadi zikanywa unyevu, zikavimba, na kisoma kadi kikaanza kuzitafuna. Mkuu alikuwa amesafiri Embu kwa mikutano. Mimi ndiye niliyebaki na chumba.

Nyuma ya ghala kulikuwa na meza za kukaushia kahawa, zile ndefu za waya, na msimamizi wake alikuwa Mzee M'Ikiara, aliyekausha kahawa tangu nikiwa sijazaliwa. Siku ya Ijumaa jua lilichomoza. Nikampelekea sanduku.

"Mzee, nisaidie. Hizi zikauke, lakini zisikunjike wala zisiungue."

Alichukua moja akaiinua kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole gumba. "Kairitu, binti yangu, nimekausha vitu vigumu kuliko hivi."

"Zikauke sawasawa zote."

"Zitakauka sawasawa."

Sikuishia hapo. Niliogopa mwizi. Nilimwomba askari wa lango asimame kwenye zile meza mchana kutwa, asiruhusu mtu kuzigusa ila Mzee, na aandike jina la yeyote atakayepita. Jioni aliniletea karatasi. Waliopita ni kuku wawili na mpishi. Nilirudisha kadi sandukuni zikiwa kavu, zimenyooka, nikajisifu sana moyoni. Jumatatu kisoma kadi kilizimeza bila kukwama.

Mashine iliposoma, ilijumlisha kilo za kila mkulima, ikaandika kwenye utepe wa sumaku, ikawapanga wakulima kwa nambari zao, ndipo printa ikachapa. Karatasi zilitoka zimenyooka kama barua ya serikali. Nikaanza kuzipitia. Wakulima kumi na wawili walikuwa na sifuri. Kumi na wawili, ambao wote walikuwa wamepeleka kahawa msimu ule. Nilipofika katikati nikaona mkulima mmoja mwenye kilo nyingi kuliko shamba la misheni, na jina lake nililijua. Alikuwa Baba Kendi, mume wa mtoboaji wetu. Mimi nilijua ana miche arobaini tu, maana mwenyewe Mama Kendi aliichekea mara kwa mara.

Sikulala. Asubuhi ya Jumanne Mkuu aliporudi nilimpa karatasi, na kwa kuwa nilitaka aone kwamba nilikuwa macho, nikampa na kijitabu.

Alikisoma akiwa amesimama. "Huyu mama anazungumza na watu dirishani?"

"Nimeona tu, Bwana Mkuu. Sijasema kwamba…"

"Mashine haikosei, Kagendo. Mtu ndiye anayekosea. Na mtu akikosea upande wa nyumba yake, hilo lina jina lingine."

Kufikia saa sita Mama Kendi alikuwa ametolewa chumbani. Kamati ya muungano ingekutana Alhamisi, na Meneja Mkuu wa muungano alikuwa amekwisha kuwapigia polisi simu waje siku hiyo hiyo. Alipopita mezani kwangu akienda kuchukua sweta yake alisimama. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Jumatano nilikwenda kwa Mzee M'Ikiara. Nisiwadanganye, sikwenda kumtetea mtu. Nilikwenda kukamilisha ushahidi. Nilitaka kujua kama Mama Kendi aliwahi kukaribia zile meza, labda askari akiwa amegeuka, akabadilisha kadi.

"Huyo mama hakuja hapa," Mzee alisema. "Na angekuja ningempa kazi. Nilikuwa peke yangu, na karatasi zenu zina kazi kuliko kahawa."

"Kazi gani, Mzee? Si zilikuwa zimelala tu juani?"

Alinicheka waziwazi. "Zilale tu? Kitu kikilala juani kinakauka upande mmoja. Nilizigeuza kila nusu saa. Za pembeni nikazileta katikati, za katikati nikazipeleka pembeni, za chini juu. Nikazikoroga vizuri, kama kahawa. Ulipata hata moja yenye unyevu?"

"Hapana, Mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi," alisema, akarudi kwenye reki yake.

Nilirudi chumbani. Nilifungua sanduku nikaziangalia kadi ukingoni, jambo ambalo sikuwa nimelifanya, kwa kuwa muda wote nilikuwa nikiwaangalia watu. Mistari ya waridi ilikuwa imetapakaa ovyo. Kadi mama tano zilifuatana bila mtoto hata mmoja. Nyuma ya kadi ya Baba Kendi walipanga foleni watoto arobaini na mmoja, wa kila nyumba. Mashine iliamini kwamba wote ni wake, na kisha ikawapanga wakulima vizuri kwa nambari, ikafuta alama zote za vurugu. Askari wangu alikuwa amesimama pale pale akitazama kadi zikikorogwa, na hakuandika chochote, kwa sababu nilimwagiza aandike wezi.

Usiku nilipima kila njia. Ningeweza kusema ni Mzee. Lakini Mzee alifanya kile nilichomwomba, zikauke sawasawa. Ningeweza kusema ni mpango wa kadi usio na nambari, lakini huo ulikuwa wa Mkuu, na Mkuu ndiye angetia sahihi ripoti yangu ya majaribio. Ningeweza kunyamaza. Niliifikiria hata hiyo, nisiifiche. Niliihesabu kama hesabu nyingine, nikafika hadi mwisho wake, na mwisho wake alikuwa Mama Kendi ndani ya gari la polisi.

Alhamisi alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, amevaa nguo za kanisani, mkoba mapajani, na Baba Kendi kando yake akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Polisi mmoja alikuwa akinywa chai langoni. Niliingia bila kuitwa.

"Mwenyekiti, ile ripoti ni yangu, na si ya kweli."

"Ni ya kweli," Mkuu alisema. "Mashine imechapa."

"Mashine imechapa ilichosoma, Bwana Mkuu. Kilichosomwa kilikuwa kimekorogwa."

"Kimekorogwa na nani?" aliuliza Meneja Mkuu.

"Na mimi. Nilizipeleka kadi kwenye meza za kahawa zikauke. Sikumwambia Mzee M'Ikiara kwamba zina mpangilio. Yeye alifanya kazi yake vizuri, mimi ndiye nilikosa."

Nikaweka sanduku mezani nikawaonyesha mistari. Mwenyekiti, ambaye alikuwa mkulima kabla ya kuwa mwenyekiti, aliinama akatazama kwa muda.

"Alizigeuza kila nusu saa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Basi zilikaushwa vizuri sana," alisema, akaanza kucheka hata akatoa leso. Wengine wakafuata, isipokuwa Mkuu. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona Mama Kendi kwenye benchi, ametusikia wote, na hakucheka.

Adhabu yangu ilikuwa miezi sita zaidi ya majaribio, na kutengeneza upya kilo za kiwanda kizima kutoka kwenye madaftari ya mizani. Ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja asome, mwingine atoboe. Mama Kendi alirudi kwenye kiti chake, akavua sweta, akanyoosha vidole.

"Mama Kendi, nataka kusema…"

"Soma."

"Ni kuhusu kile kijitabu…"

"Soma, Kagendo. Watu wana sifuri huko."

Nilimsomea siku tisa. Siku ya kwanza, kabla ya kutoboa kadi mtoto hata moja, alimwita Mkuu akamwambia kwamba vidole ni vyake na havihitaji kuokolewa, na kwamba tangu leo kila mtoto atapigwa nambari ya mama yake. Mkuu akachukua kitambaa chake, akaenda kufuta makabati. Mpango ukabadilishwa, programu nikaiandika upya mimi, na haikubadilika tena hadi mashine ile ilipotolewa, kwa kubomoa ukuta ule ule.

Nilifanya kazi na Mama Kendi miaka kumi na mmoja. Alinifundisha yote aliyojua. Alinimenyea ndizi kama zamani. Alicheka nami, akaja kwenye harusi yangu, akanifunga kanga kiunoni akacheza. Lakini kila nilipoingia chumbani, kwa miaka yote hiyo, alisukuma droo ya meza yake ikafungwa, akageuza ufunguo, akautia mfukoni. Hakufanya hivyo kwa hasira. Alifanya kama mtu anayefunga dirisha ukungu ukianza.

Baadaye nilihamishwa Embu, kwenye ofisi ya kilimo, ambako kompyuta ilikuwa ndogo kama jiko la gesi na Mkuu wa Takwimu aliifunika kwa kitambaa cha kushonwa. Kisha zikaja za mezani, kisha za mapajani. Kila moja iliyokuja ilikuwa imerekebisha makosa ya iliyotangulia na kuleta yake. Swichi nyekundu ilitoweka, wakaleta kitufe kinachofuta kazi ya siku nzima bila hata kukuogofya kwa rangi. Nimestaafu sasa. Mjukuu wangu ananiambia mashine za leo zinajifikiria zenyewe, nami humuuliza nani ameziambia kwamba kadi zina mpangilio. Hanielewi, nami sijui kama nataka anielewe.

Mwaka huu nilikwenda Kianjai kumwona Mama Kendi. Macho yamepungua, lakini vidole vingali vinagonga mkono wa kiti anapozungumza. Tulizungumza mambo ya wajukuu na bei ya mbolea, na moyo wangu ukinisumbua kama kawaida, nikasema nililokuwa nimelibeba muda wote.

"Mama Kendi, ulinisamehe?"

"Nilikusamehe zamani."

"Zamani lini? Siku ile ya kamati, au baadaye?"

"Kagendo."

"Nauliza tu, kwa sababu ile droo uliendelea kuifunga…"

"Kusamehe nilikusamehe," alisema. "Kuamini ni kitu kingine, na droo ilikuwa ya hicho. Sasa kunywa chai, inapoa."

Nikainua kikombe. Yeye akaegemea kiti, akafumba macho, akasubiri asikie nimekunywa.